Yule Mnene wa Supu

Iko siku moja ambayo haijanitoka akilini, Neema, na aliyenikumbusha ni wewe. Jana ulikuja mlangoni kwangu hapa Minto na barakoa yako, ukasimama mbali kama sheria za lockdown ya korona zinavyotaka, ukaniambia unajitoa kwenye mchezo wa kuigiza mnaowaandalia kwa video ya Zoom wazee wa kituo cha kutunzia wazee cha Ingleburn.

"I've only got four lines, Babu," ulisema, yaani mistari minne tu. "Mimi ni waiter tu, mhudumu wa hoteli."

Basi nisikilize, mwanangu. Nilipokuwa kijana Nakuru, nilikuwa mtafsiri wa sinema. Tulionyesha vichekesho vya zamani vya Hollywood, vile visivyo na sauti, nami nilisimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea picha nikiwa na kipaza sauti, nikiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Nilijiona mtu, usinicheke. Katika filamu hizo alikuwamo mnene mmoja mwenye nyusi nzito. Leo polisi, kesho baba mkwe, keshokutwa mhudumu wa hoteli. Jina lake sikulijua wala sikujisumbua kuuliza. Maneno matamu yote nilimpa staa, yule mwigizaji mkuu.

Jumamosi moja, ukumbi umejaa, mnene akatokea na bakuli la supu. Akakitazama kiti kibovu ambacho staa alikuwa akikikaribia, akaitazama supu, akakitazama kiti tena. Mimi nikawa napayuka tu juu ya staa na mchumba wake. Hakuna aliyecheka, na watu wakaanza kutoka. Mzee Barasa, mwenye mashine ya sinema, akachomoa waya wa kipaza sauti changu, akaurudisha mkanda nyuma, akaionyesha sehemu ile kimyakimya. Ukumbi ukacheka hadi machozi. Niliona aibu sana.

"Staa ndiye anayeanguka," Mzee Barasa aliniambia baadaye, "lakini huyu ndiye anayetufanya tuisubiri ile ajali. Wewe ulikuwa unamfunika."

Alinipa wiki moja ya mwisho kazini, nimtazame mnene peke yake. Nikamtazama. Akiwa polisi alitembea kwa visigino, akiwa mhudumu kwa ncha za vidole, akiwa baba mkwe kama mtu aliyebanwa na viatu. Miaka na miaka ya sehemu ndogondogo, na hakuna hata moja aliyoidharau. Jumamosi iliyofuata, supu ilipofika, nilinyamaza. Watu wakaangua kicheko, na kazi yangu ikapona.

Kwa hiyo usijitoe, mwanangu. Usihesabu mistari. Jiulize wenzako watachekesha vipi wewe usipokuwepo. Mtafutie mhudumu wako mwendo wake, na ujue pa kunyamaza. Wazee wale wana miezi hawajaguswa hata mkono na watoto wao, na hakuna atakayeuliza staa ni nani.

Mungu akupe afya, akupe kazi ya miaka mingi, ndogo na kubwa. Na siku hiyo wazee wacheke mpaka nesi aje mbio kuuliza kuna nini.