Nyimbo Tatu za Sanduku Moja

Majirani walimwita Kinanda, maana hapiti mahali bila kuimba chini chini. Alipopata nafasi ya kusomea ukutubi wa muziki, kazi ya kupanga na kutunza karatasi za nyimbo, nusura apae. Kumbe masomo yenyewe ni ya mtandaoni! Akajikuta jikoni, simu kaiegemeza kwenye birika, anatazama miraba myeusi, wenzake wawili, nesi na fundi redio, wamezima kamera. "Habari, Mwalimu," kisha kimya. Kumnyima mwanamke mcheshi kama yule watu wa kupiga nao soga ni kumwonea, nasema wazi.

"Baba watoto, leo naacha," alimwambia mumewe. "Siwezi kusoma na kuta."

"Wasomee kwanza kazi yako," mumewe akajibu, akimenya viazi. "Umeihangaikia mno."

Kila mwanafunzi alikuwa ametumiwa picha ya karatasi isiyo na jina, kutoka sanduku la kwaya iliyovunjika, aeleze ni wimbo gani. Kinanda akasoma kwa madaha: wimbo wa maombolezo, umejaa vituo virefu. Nesi akasema wake ni wa harusi. Fundi redio akaapa wake ni wa kubembeleza mtoto.

"Haya, tuimbieni," alisema Mwalimu, kajikaza asicheke.

Fundi akaanza kwa besi ya kutikisa sufuria. Kinanda akakodoa macho: fundi anaponyamaza, ndipo karatasi yake yeye inapoanza! Akadakia bila kuomba ruhusa. Nesi akaingia kwa sauti ya juu. Mtandao ukawachelewesha kila mtu kivyake, ikawa vurugu tupu, lakini wote walisikia. Wimbo ni mmoja, na wao wameugawana vipande kama mkate.

Fundi akafungua kamera, mbavu hana. Nesi akafungua yake, anafuta machozi ya kicheko.

"Jamani, kumbe mna sura!" Kinanda akapiga kelele.

Mwalimu alifunga kipindi, akaaga. Wao hawakutoka, wakabaki wanabishana jinsi ya kuyaandika upya maelezo. Katikati ya ubishi nesi akasema polepole, "Dada, mimi leo nilikuja kuaga. Nilikuwa naacha masomo."

Kinanda akaivuta simu karibu. "Hata mimi, mdogo wangu."

"Kha!" fundi akafoka. "Mngeniacha niimbe besi peke yangu?"