Kuku Ni Mboga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba mizigo stesheni ya Kigoma kwa bega hili hili, na leo nina nyumba mbili Mwandiga na mashine ya kusaga. Msomi anayetaka kunifundisha maisha aje na maji ya kunywa, maana atakaa sana.

Ila kile kisa cha magunia watu wa Bangwe wamekitia chumvi mno. Nakieleza mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mahindi ya kambini yalikuja kwa treni, na mimi ndiye niliyeongoza kundi la kuyashusha. Sheria yetu ilikuwa moja: anayetaka uongozi abebe sambamba na kiongozi, kutoka behewani hadi kwenye lori. Wa kwanza kutua gunia njiani ameshindwa, na anawalisha wote. Kwangu mimi, kabla ya gunia la ishirini kila mpinzani alikuwa ameshakaa chini.

Uongozi ukanipa hela, hela zikanipa mdomo. Nikaacha ugali. Nikatangaza kwamba ugali ni wa wenye njaa, mwanaume wa kazi anakula nyama. Asubuhi migebuka wawili wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, jioni kuku. Basi. Wiki nzima hivyo.

Ndipo akaja Mrundi mmoja, mkimbizi, mwembamba kama mpini wa jembe. Kwao alikuwa mwalimu wa michezo.

"Amahoro, bosi. Nataka tubebe sambamba."

"Wewe mifupa! Upepo wa ziwa haujakurudisha kwenu?"

Gunia la tisa, nikaanza kuburuta miguu. La kumi na moja, jasho la baridi, nyota mchana kweupe. La kumi na mbili nikalitua katikati ya njia. Yeye akapita na lake, akaliweka kwenye lori, akarudi kunichuchumalia.

"Kaka, jana ulikula nini?"

"Kuku mzima!"

"Na chakula?"

"Si nimekwambia kuku?"

"Kuku ni mboga, kaka. Ulikula mboga na chakula gani?"

Stesheni nzima ikacheka. Mtoto mdogo wa Kigoma anajua kwamba samaki ni mboga na ugali ndio chakula, na mimi nilikuwa nimesahau lugha yangu!

Akanieleza pale pale. Ugali mwilini unageuka sukari, misuli inaiweka akiba, na kazi nzito inachota humo. Mafuta nayo yana moto, lakini ni gogo, linashika polepole. Nyama inajenga misuli; ukiila peke yake ukabeba magunia, unachoma milango ya nyumba ili upike.

"Hunifundishi kula katika mji wangu," nikamjibu. Kisha nikamfuata mama ntilie, nikawalisha wote kama sheria ilivyotaka, na mimi nikala sahani mbili za ugali mbele ya macho yao. Aliyetaka kucheka alicheka.

Siku saba nilikula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, kisha nikamwita tena. Gunia la ishirini na sita, Mrundi akatua. Uongozi ukarudi kwangu. Wanaosema alitua makusudi ili kunistahi, waje waniambie usoni.

Sikushindwa na mtu mimi, nilishindwa na sahani. Na gharama yake naijua: ugali na maharage, sahani kumi na sita kwa mia mbili mbili, shilingi elfu tatu na mia mbili.