Foni Iliyosikia Kinshasa Ikakosa Beni

Harufu ya asidi ya betri, nikipita mbele ya garaji, inanirudisha nyuma hata leo. Lakini hainipeleki moja kwa moja kwenye vita, hapana. Kwanza inanipeleka kwenye kaptula. Nilikuwa kadogo kabisa, vita haijafika, na baba mukubwa alikuwa na lori ya zamani. Siku moja ya Dominika alitupakia kwenda misa, nami nikakaa juu ya betri, kwa sababu hakuna aliyenikataza. Katikati ya mahubiri nguo ikaanza kuachana yenyewe, uzi kwa uzi, bila moto wala makasi. Asidi inakula pamba polepole namna hiyo, na wewe unasikia tu kuwashwa kidogo. Nilitoka kanisani nimejifunika na kitabu cha nyimbo, wamama wote wakicheka.

Basi, betri mbili kama ile ndizo zilikuwa zinalisha foni ya kwetu Vulamba, hapa Butembo. Nyinyi wa telefone za mukono hamujui foni. Ilikuwa radio ya kuita na kujibu, waya wake umefungwa kati ya mikaratusi miwili. Mumoja anasema, mwingine anangoja. Wakati wa vita barabara zilikatika, ikabaki hiyo. Mwenye kuitumikisha alitoka Kasai, askari wa zamani wa transmission, wale wa radio za jeshi. Tulimuita Affirmatif kwa sababu hakujua kusema ndiyo, ilikuwa "affirmatif" kila mara, kama jeshini. Alivaa kravati ndani ya nyumba ya udongo, na alituangalia kama takataka iliyoletwa na mvua. Sisi pia tulimuangalia hivyo hivyo.

Baba alikuwa ameshuka Beni na chukudu yake, ile pikipiki yetu ya miti isiyo na motere, imejaa vitunguu. Wakapigana Beni, barabara ikafungwa, majuma yakapita bila neno. Mama alitaka kujua jambo moja tu: mume wake ni muzima ao ni maiti. Kama ni maiti, tufanye matanga. Kama ni muzima, tungoje. Akamubebea Affirmatif kuku.

Affirmatif akazungusha vifungo. Foni ikalia kama mawese ya moto yakiingiliwa na maji. Halafu, safi, kama mutu anasema nyuma ya mulango, ikatoka Kinshasa, kule mwisho wa inchi: bwana fulani ananungunika juu ya bei ya samaki. Lakini Beni, mahali lori linafika kabla ya chakula cha muchana, bubu kabisa.

"Beni iko karibu mno," Affirmatif akasema. "Sauti inapanda kwa mbingu, inagonga kule juu, inashukia mbali. Beni inarukwa. Ni science, maman."

Shangazi yangu Masika, dada ya baba, alikuwa anangojea neno kama hilo.

"Donc wa Kinshasa unamusikia, wa Beni hapana? Weye, bibi yako akikuita kwa jikoni, unangoja mutu wa Kinshasa akuambie chakula imeiva?"

Foleni yote ya wenye kungojea foni ikacheka. Affirmatif hakucheka. Alimuuliza yule wa Kinshasa kama anasikia Beni. Anasikia, tena muzuri. Basi mutu ambaye hatukumujua hata sura akawa kinywa chetu. Alimuuliza Beni, swali tukalisikia. Kisha kimya, maana jibu la Beni lilikuwa linapita juu ya vichwa vyetu. Kisha akaturudishia jibu kwa Kiswahili chake chenye Lingala. Wa foni ya Beni wakatuma mutu kumutafuta baba sokoni. Hawakutafuta sana. Hakuwa amejificha.

"Iko muzima," Kinshasa ikasema. "Iko hapo kwa foni ya Beni, amekaa kwa kiti, amevaa koti ya mupya."

Mama akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Amuulize anarudi siku gani."

Mawese yakalia.

"Anasema musimungojee. Batoto babakie na mama yao. Terminé."

"Amuulize kosa yangu ni nini."

Mawese yakalia tena. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama.

"Maman, kiti iko wazi. Ametoka."

Masika ndiye alisimama. Akasema ni uongo, hakuna radio inayokosa Beni ikapata Kinshasa, huyu mutu wa kravati ameungana na mwenzake kula kuku ya mujane. Akamukamata kuku kwa miguu, tukaenda. Tulifanya matanga bila maiti. Padri akaja, wajirani wakaleta maharagwe, mama akavaa nguo nyeusi akaheshimiwa. Affirmatif akaitwa muongo muji wote, mpaka akafunga foni yake.

Nilikuwa na ndevu tayari wakati niliambiwa na mafundi wa radio kwamba ni kweli: kule juu kuna tabaka ambalo jua linalipika kila siku, linarudisha sauti mbali, na wa karibu wanabaki chini kama viziwi. Hapo nikaelewa kwamba hata Masika, ambaye alimujua kaka yake tangu tumboni, alielewa siku ile ile kwamba Kinshasa imesema kweli. Muongo alihitajiwa, ili mama awe mujane, asiwe bibi aliyeachwa, na mugeni wa dharau alikuwa karibu, bei rahisi. Lakini dharau yangu mimi ilitoka kwa Affirmatif zamani, ikahamia kwa baba. Kwa maana kule Beni hakuna aliyemusukuma baba, wala bunduki. Alisikia swali la mama limetembea mpaka Kinshasa na kurudi, akanyanyuka kwenye kiti, akapangusa koti, akatoka, na hakurudi.