Wigo Uliochipua Pongwe

Reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa siku zile. Mtu aliyetoka Tabora kwenda Tanga alishuka Morogoro, akatafuta lori, akapita Turiani na Handeni mpaka Korogwe, na hapo ndipo akapanda tena gari moshi. Nilisafiri hivyo nikiwa nimetoka tu shule ya sekondari, na barua ya kazi ya ukarani katika ofisi ya upimaji ardhi ya mji nimeishona ndani ya mfuko wa koti ili isiibiwe.

Lori lilikuwa limejaa vijana wa kwetu Buha waliokwenda kukata mkonge. Manamba, kama walivyoitwa. Walivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, kisha mmoja akawaambia wenzake kwa Kiha, akidhani sielewi, "Huyu ataukata mkonge kwa kuusomea." Nilimjibu kwa Kiha hichohicho kwamba nitamsomea na yeye. Walicheka mpaka dereva akagonga bati la mlango. Baada ya hapo nikawa ndugu yao. Lori lilipokwama kwenye matope mbele ya Handeni nilivua viatu nikasukuma pamoja nao, na usiku tukala mihogo ya kuchoma kwenye kijiji nisichokumbuka jina lake. Korogwe wakashushwa kwenye kambi na kupangwa mistari. Nami nikapanda gari moshi. Sikuwaona tena, au labda niliwaona baadaye na sikuwatambua, kwa sababu mkonge humbadilisha mtu haraka.

Sasa nimevuka arobaini, na nimepanga vyumba katika miji mingi kuliko inavyompasa mtu mwenye akili. Lakini nikisikia harufu ya mkate wa kumimina asubuhi, hata kama niko Mwanza au Mbeya, moyo wangu unarudi Ngamiani, kwenye zile barabara zilizoitwa kwa namba, mahali ambapo mgeni hapotei. Nilipanga chumba kwa Mpemba mmoja, muuza mchele. Alinifundisha kunywa kahawa chungu, na kwamba mtu haanzi kusema shida yake kabla ya kuuliza hali ya nyumba nzima. Jioni mji ulinuka chumvi na singa, yaani zile nyuzi nyeupe za mkonge zilizongoja meli bandarini. Mji mzima uliishi kwa singa. Hata waliolala nje waliletwa na singa.

Ni hao ninaotaka kuwaeleza.

Shambani, chumba cha kambi kilikuwa cha mfanyakazi. Mtu akizeeka, au mashine ikimharibu, chumba alipewa mwingine. Wengi walirudi kwao. Lakini walikuwapo waliokuja wakiwa vijana, wakaoa huku, na kwao hakukubaki mtu wa kuwapokea. Hao walikuja mjini na kulala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko. Wenye maduka wakilalamika, askari wa mji waliwahamisha. Wakienda Pongwe, watu wa Pongwe waliwaelekeza Muheza. Muheza waliambiwa wajaribu upande wa Pangani. Pangani waliambiwa kwamba wao ni watu wa Tanga. Wakarudi kwenye vibaraza vilevile, wakiwa wamechakaa zaidi.

Mmoja wao alikuwa mzee wa kwetu. Nilimtambua kwa sababu alikuwa akijisemea kwa Kiha huku akifunga mkeka wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa hauna vidole viwili. Vilichukuliwa na korona, ile mashine ya kuparua majani ya mkonge. Mke wake alikuwa Mzigua, mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno.

"Shikamoo babu," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa kutuhamisha leo?"

"Mwache," mkewe akasema. "Huyu hana rungu. Ana kalamu. Hawa huhamisha taratibu."

Tangu siku hiyo nilipita pale kila nitokapo kazini. Mzee hakuniomba kitu. Alitaka tu kuzungumza habari za kwao, na alirudia jambo moja: hataki kufa kwenye kibaraza cha mtu. Alitaka mlango wake, na mahali pa kuzikwa ambapo mkewe hatafukuzwa akienda kupalilia.

Liwali wetu wa wakati ule alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie, na nadhani alilijua hilo. Ndiye aliyesema kwamba kuwasukuma wazee hawa kutoka wilaya hadi wilaya ni kufagia uchafu kwenda mlangoni kwa jirani, na jirani naye ana ufagio. Akaita baraza la pamoja. Walikuja majumbe wa pwani, wa Bonde, na wa Pangani, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akakaa pembeni akivuta kiko. Mimi niliitwa kushika ramani, maana ofisi yetu ndiyo ingepima viwanja.

Jumbe wa Mwera, huko Pangani, alikuwa mcheshi. "Bwana Liwali," alisema, "mashamba yaliwala watu hawa nyama, sasa mnatuletea mifupa tuitafune sisi?"

"Wewe una meno mazuri," Liwali akamjibu. "Ndiyo maana nimekuita."

Baraza lilicheka, lakini jumbe hakulegea. Mwishowe walikubaliana hivi: Pongwe ijaribu kwanza, kwa kuwa iko karibu na mji. Ikifaulu, Mwera na upande wa Muheza nao watatoa ardhi. Ikishindikana, kila mtu abaki na lake. Kwa hiyo wazee wote wa vibarazani, hata wale ambao hawajawahi kuiona Pongwe, walikuwa wakiingoja Pongwe.

Ardhi ilitolewa na bibi mmoja wa Kidigo, mkubwa wa ukoo wake, aliyerithi shamba kubwa upande wa bara wa Pongwe. Alikuja kutazama tulipokuwa tukipima, amejifunga kanga mbili na kushika fimbo ambayo hakuitegemea bali aliielekeza tu huku na huko. Sharti lake lilikuwa moja, na kila mtu wa pwani angeliweka hilohilo. Wageni wajenge, walime mahindi, kunde na mihogo. Lakini wasipande miti. Kule pwani ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Aliyepanda mnazi, mnazi ni wake na wajukuu wake, hata kama ardhi ni ya mwingine, na penye miti ya mtu huwezi tena kumwambia aondoke. Mimi ndiye niliyewafasiria wenzangu wa bara. Mzee wangu alikubali bila kusita. Miti ya nini? Alitaka nyumba.

Akajenga. Ninaweza bado kuiona ile nyumba, ndogo, ya fito na udongo, imeezekwa makuti, mlango wake ukitazama machweo kama nyumba za kwetu. Mkewe alikandika kuta mwenyewe, huku akimtukana kwa upendo kwa kushindwa kushika udongo kwa vidole vitatu. Siku nilipowatembelea mzee alinikaribisha ndani, akanikalisha kwenye kigoda, akatoka nje, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Unafanya nini, babu?"

"Nasikiliza inavyoitika."

Kisha akaweka wigo. Kwetu Buha nyumba bila wigo si nyumba, ni kibanda cha kulindia ndege shambani. Aliingia msituni akakata vigingi vya mti mmoja wa jamii ya mkuyu, wenye utomvu mweupe, unaofanana na ule tunaouita umuvumu. Akavichimbia kuizunguka nyumba na kuacha nafasi ya mlango, aliouziba kwa fito mbili za kuvuta. Majirani wa pale walipita, wakaona vijiti vikavu, wakasema huyu anaogopa mbuzi.

Masika yakaja. Mtu wa Buha anajua vigingi vile vitafanya nini. Ndiyo sababu huvichagua. Mtu wa pwani hakujua mpaka alipoona. Katika juma moja wigo wote ulichipua majani, mabichi, yanayong'aa. Kwa mzee, nyumba ilikuwa imekubali kukaa. Kwa bibi mwenye shamba, mgeni alikuwa amepanda miti mstari mzima, tena ya jamii ya mkuyu, miti ya kudumu karne.

Habari zilifika ofisini kabla ya saa nne. Nilipofika Pongwe, bibi alikuwa amesimama nje ya wigo na ukoo wake nyuma yake.

"Huyu nilimpa mkono, ameshika bega," alisema.

"Sikupanda," mzee akasema. "Nimezungushia."

"Umezungushia kitu kinachoota! Mimi ni mtoto? Nimwambie nani kwamba huo ni ukuta, na ukuta una majani?"

"Ng'oa, bwana," mkewe akamsihi. "Ng'oa tulale."

Akakataa. Alikaa chini mlangoni pake, mikono juu ya magoti. "Nikiuondoa nimerudi kibarazani," akaniambia kwa Kiha. "Tofauti ni makuti tu." Nilimweleza kwamba bibi atachukua ardhi yote, na wenzake watafukuzwa pamoja naye. Alijua. Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hakunyanyuka. Jirani zake wa vibarazani, ambao sasa walikuwa na milango yao, walimtazama kwa hasira na huruma. Walioelewa wigo walikuwa wachache. Wengine walitoka Songea na Msumbiji, na kwao ulikuwa ukaidi tu.

Liwali alikuja alasiri, na jumbe wa Mwera pamoja naye. Jumbe alikuwa mjini kwa shughuli zake, na hakutaka kupitwa na tamasha. Liwali hakuhukumu. Aliuzunguka wigo polepole, mikono nyuma, akaja kukaa kwenye jiwe.

"Bibi," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "mti ni wa nani?"

"Wa aliyeupanda. Hilo unalijua."

"Ukishang'olewa?"

"Hauna mwenyewe. Ni kuni."

"Na kuni zikipandwa tena na mtu mwingine?"

Bibi aligonga kigingi kimoja kwa fimbo yake. Nilimwona anafikia mahali Liwali alipokuwa anampeleka, na hakupapenda sana kwa sababu hakufika mwenyewe.

"Unataka niiname, na umri huu?" alisema.

"Nitakusaidia," Liwali akasema, akanyanyuka na kushika kigingi kilichokuwa karibu.

"Usiguse!" bibi akapiga kelele. "Wewe ukigusa utakuwa wako! Mwisho Pongwe yote iwe ya Serikali!"

Jumbe wa Mwera alicheka hadi kofia ikamdondoka. Bibi naye akacheka, ingawa alijaribu kujificha kwa kanga. Kisha akamgeukia mzee. "Wewe. Nikiipanda mimi, ni miti yangu. Majani yangu. Nikitaka kukatia mbuzi nitakuja kukata. Umesikia?"

Mzee alisikia. Aliyatazama majani. "Kivuli je?"

"Kivuli kinakwenda kinapotaka. Siwezi kukifunga kamba."

Basi ikawa hivyo. Mzee aling'oa kigingi kwa mkono wake mzima, akakiacha chini, akarudi nyuma hatua moja ili ionekane wazi kwamba amekiacha. Bibi au mmoja wa ukoo wake akakiokota na kukirudisha katika shimo lilelile, na kushindilia udongo kwa kisigino. Walizunguka hivyo mpaka jua likazama, wakiwa wametapakaa matope. Liwali alisimama pembeni na mikono nyuma muda wote, kwa kuogopa kumiliki kitu. Baadhi ya vigingi vilikufa kwa kusumbuliwa, wigo ukabaki na mapengo, na mapengo hayo bibi mwenyewe alikuja kuyaziba wakati wa mvua za vuli.

Kabla ya kuondoka, jumbe wa Mwera alimwambia Liwali, "Mimi ntachukua wangu. Lakini waje na vigingi vyao mapema, watu wangu ni wavivu kuinama." Katika miezi iliyofuata tulipima viwanja kule Mwera na upande wa Muheza, na vibaraza vya sokoni vikapungua watu. Havikuwa vitupu. Mkonge uliendelea kuleta wengine. Lakini sasa mtu akiamshwa na mwenye duka, palikuwa na mahali pa kumwelekeza.

Nilikaa Tanga miaka mingine kadhaa, kisha miguu ikaanza kuwasha. Nilipata kazi Moshi. Sikuwa na ugomvi na mtu, wala deni, wala sababu ya maana, ndivyo nilivyo. Asubuhi niliyoondoka kwa mara ya mwisho nilishuka Pongwe, mzigo wangu nikauacha kwenye basi lililokuwa likibadilishwa gurudumu, nikaenda kuaga.

Wigo ulikuwa umenipita urefu. Bibi alikuwa pale na panga, anakata matawi, na mzee alikuwa anamlalamikia.

"Unanivua nguo!"

"Nguo zangu. Ulizivaa kwa hisani."

Mke wa mzee alinipa mhogo wa kuchemsha kwenye jani. Mzee aliniuliza kama huko niendako nimepewa nyumba. Nikasema chumba. Akatikisa kichwa, kisha akanionyesha kipande cha ardhi ubavuni mwa nyumba yake. Alikuwa amekwisha kukizungumzia na bibi, akasema. Bibi akaitikia bila kugeuka: nijenge nikitaka, bora nisije na vijiti. Niliahidi kurudi. Wote watatu walinitazama kwa upole wa watu wasiosadiki.

Honi ya basi ikalia. Mzee alivuta zile fito mbili ili nipite, akasimama akizishika. Kwetu mlango wa wigo haufungwi mgeni angali anaonekana.

"Funga, mbuzi wanaingia!" mkewe akapaza sauti.

"Waingie. Bado namwona."

Nilikimbia kuelekea basi. Nilipogeuka kwenye ngazi, mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kuingia, bibi anawafukuza kwa tawi, na mzee bado ameshika fito zake, mlango wazi.