Yowe Lililotoka Kwenye Simu

Jiwe la kwanza lilimpata mdogo wangu sikioni, akaniangukia mgongoni, pikipiki ikatulalia wote wawili. Saa nane mchana, jua kali. Waliotuzunguka nawafahamu kwa sura, watu wa kijiji jirani tunaokutana nao mnadani.

"Jamani, mimi mgambo mwenzenu," nikasema.

Mmoja akacheka. "Tumeshaambiwa mtajiita hivyo." Akafungua boksi letu, akainua bomba la sindano wote walione. "Mgambo gani anatembea na sindano?"

Ilikuwa ya kuchanjia mbuzi. Tulitoka kuinunua Mpwapwa. Mdogo wangu hakuinuka tena, na mimi mkono wa kushoto haunyooki hadi leo.

Ngoja nirudi nyuma. Kwenye mafunzo ya mgambo tulikimbia na fimbo begani badala ya bunduki, tukiambiwa adui huvuka mpaka. Baadaye mkufunzi wetu akaja na jipya: vita vya siku hizi vinaingia kwa simu. Tukaunda kundi la simu, na akasema kinachotumwa humo na mtendaji wa kijiji ni amri. Tekeleza kwanza, maswali baadaye.

Kwetu yowe lina sheria. Likipigwa unatoka na silaha uliyo nayo. Asiyetoka anatozwa mbuzi. Ila yowe la zamani ulijua ni koo la nani, linatoka boma gani. Ukifika unamkuta aliyelipiga, anakueleza. Lile la siku ile lilirekodiwa. Mwanamke anapiga yowe, halafu mwanamume anasema magaidi wawili wako kwenye pikipiki nyekundu, wanachoma watoto sindano za sumu, wakikamatwa watajidai mgambo. Boma halikutajwa. Mtendaji wetu akalirusha asubuhi, likapita simu hadi simu mpaka vijiji jirani, watu wakatoka na marungu kila njia hadi huku Ihumwa, tulikopigwa mawe.

Na langu nalisema. Nikiwa duka la dawa Mpwapwa, liliingia kwangu pia. Nilisikia yowe tu, nikalirushia wengine, nikatia simu mfukoni. Sikusikiliza hadi penye pikipiki nyekundu. Yangu ni nyekundu.

Gaidi hakuonekana. Hakuna mtoto aliyechomwa. Huyo aliyerekodi, hata risasi hakununua. Alitufanya sisi silaha yake, tuuane sisi kwa sisi.

Warusha mawe walishikwa. Nikamfuata mtendaji ofisini. "Kaka, mimi nilipeleka tu kama nilivyoipata," akaniambia. Nikamuuliza aliipata kwa nani. Eti simu ilipotea. Mkufunzi naye kahamishwa, nikipiga hapokei.

Mimi nilisimama mkutano wa kijiji, mjane wa mdogo wangu amekaa mbele yangu, nikataja wote niliowatumia. Sasa wewe mtendaji, na wewe mkufunzi uliyetukataza kuuliza, njooni msimame palepale. Sauti ile mliipata kwa nani? Mjane anasubiri, na mimi sihami.