Betri za Mama na Jumla Iliyokataa

Betri kuukuu ikipata jua la Siakago hutoa harufu yake, harufu ya kutu, chumvi na karatasi iliyoungua kidogo. Naijua kuliko harufu ya uji. Kwetu betri hazikutupwa zikichoka. Mama alizipanga juu ya bati la jiko, kando ya ndengu zilizoanikwa, na jioni redio ilipata sauti tena kwa muda. Kila boma lilifanya hivyo.

Muhula huo nilikuwa kidato cha pili, na tayari nilikuwa kichwa cha fizikia. Waliosoma nami wanajua. Mwalimu wetu alitaka mwanafunzi mmoja wa kwenda Embu kwenye mashindano ya sayansi. Sikuwa nimewahi kufika Embu. Alinishindanisha na Nyaga, mwana wa mwenye duka, kwa kazi moja: tuthibitishe kwamba penye betri mbili, umeme unaopita mahali fulani ni jumla ya ule ambao kila betri ingeuleta peke yake. Vitabu huiita kanuni ya supaposisheni. Unapima betri zote zikiwepo, kisha unatoa moja, unaziba pengo lake kwa waya na kupima. Halafu unairudisha na kutoa ya pili. Vipimo hivyo viwili vikijumlishwa, vinapaswa kulingana na kile cha kwanza. Shule ilikuwa na mita ya kupimia umeme na waya. Betri tulijitafutia.

Nyaga alileta mpya za dukani kwao. Mimi nilimwendea Mama. Baba alikuwa mbali kikazi, na redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza na Mama jioni. Aliifungua mgongo bila kunung'unika. "Chukua, baba," alisema, maana nilipewa jina la baba yake. "Lakini uwashinde. Nisikae kimya bure."

Jumla ilikataa. Nilipima, ikawa pungufu. Nilisugua ncha za waya kwa msasa, nikaanika betri juu ya paa la maabara, nikazirudisha mezani zikiwa moto, na bado ikawa pungufu.

"Njue, umezipika kama githeri na bado hazijaiva?" Nyaga akauliza, na darasa zima likacheka.

"Wewe ulinunuliwa akili dukani," nikamjibu, nikaishika mita na kupima tena.

Mwalimu alitazama hesabu yangu mara moja tu. "Kanuni haikosei. Aliyekosea ni wewe."

"Mwalimu, nimepima sawasawa."

"Sawasawa gani isiyojumlika? Keti."

Nyaga akaenda Embu. Mimi nilirudi nyumbani na betri zilizokufa kabisa, na redio yetu ikanyamaza mpaka tulipovuna ndengu na kuziuza.

Jambo hilo lilinitafuna miaka mingi. Nilijilipia chuo kwa kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna, sikusaidiwa na mtu, nikapata diploma ya umeme, nikafanya kazi ng'ambo na nikarudi kujenga nyumba ambayo watu wa hapa huwaonyesha wageni. Chuoni ndipo nilipoelewa. Betri iliyochoka huwa na ukinzani mwingi ndani yake. Ukiitoa na kuweka waya mtupu, ukinzani huo unaondoka pia, na umeme unakimbilia njia hiyo rahisi badala ya kupita penye mita. Kanuni inataka uondoe nguvu ya betri lakini ukinzani wake ubaki. Ukinzani wa betri mpya za Nyaga ulikuwa mdogo hata mita haikuuona. Mita yangu ilisema kweli, na hakuna aliyetaka kuisikiliza.

Leo karakana yangu ina chombo kinachotoa umeme usioyumba, na nikirudia jaribio lile jumla inatoka bila ubishi. Hakuna wa kunipeleka Embu kwa ajili hiyo. Naenda mwenyewe nikitaka, kwa gari langu. Mwalimu nilimkuta sokoni, nikaanza kumweleza kila kitu. Akacheka. "Njue! Bado uko na hayo mambo? Njoo uniangalilie sola yangu, inazimikazimika."

Mama naye ana redio ya sola niliyomfungia, inayozungumza kutwa nzima. Nilimweleza jikoni, polepole, kuhusu ukinzani na waya. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Mwalimu hakufanya.

"Kwa hivyo uliwashinda?"

"Nilikuwa sahihi, Mama."

"Sijauliza hivyo, baba," akasema, na akaongeza sauti ya redio.