Kompyuta Sita za Mwalimu wa Hesabu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu hapa Kolwezi aliniita nione kompyuta yake. Alivuta dirisha moja kwenye skrini, likatikisika kama bukari, ugali wa kwetu, ya moto iliyopakuliwa sasa hivi. Nilimwambia aondoe upuuzi huo, tena kwa ukali. Akadhani nimeamka vibaya. Rafiki, acha nikueleze wewe, maana yeye sikumweleza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule yetu ilipewa kompyuta sita zilizokwisha kutumika Ulaya, hakuna mbili zilizofanana. Mwalimu wetu wa hesabu alizifufua moja moja. Kila mchana tulipangusa vumbi jekundu la malori kwa kitambaa chenye maji, huku harufu ya mikate ya mafuta ya mama jirani ikiingia mlangoni na kututia njaa. Kazi ikiisha, mwalimu alituwashia ile moja yenye kadi nzuri ya picha. Madirisha yalitikisika, yakayeyuka, na skrini nzima ikazunguka kama boksi linalogeuzwa. Tulipiga vigelegele. Tulipomwomba azichezeshe na zile nyingine alikataa. Kabla ya kuichezesha mashine, alisema, iulize kwanza ina nguvu gani.

Kisha tukaambiwa wafadhili wanakuja, na wakipendezwa wataleta nyingine kumi. Mwalimu aliniachia ufunguo ili nipanguse. Mimi na kiherehere changu nikataka wazikute zote sita zinacheza. Nikanakili mipangilio ya ile nzuri kwenye flashi, nikaipachika katika zile tano bila kuziuliza chochote. Umeme ukakatika kabla sijajaribu. Nikafunga mlango, nikaenda nyumbani na furaha yangu.

Kesho yake, wageni wakiwa wamesimama, mwalimu aliziwasha. Skrini tano zikabaki nyeupe. Angepewa nusu saa angezirudisha, lakini wageni walikuwa na safari ya Fungurume, wakaondoka. Mkuu wa shule akauliza nani amezigusa. Flashi ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, na mwalimu aliniona nikiishika.

"Batoto habana kosa," alisema mwalimu, akijitwika kosa langu. "Njo mi nilifanya."

Nilinyamaza. Mpaka leo najichukia kwa kunyamaza kule. Alifukuzwa wiki ileile, kompyuta zikauzwa, chumba kikawa stoo ya saruji. Vigelegele vyetu, kile kitambaa, hata mama jirani na mikate yake, vyote vimekwenda. Mtaa wenyewe umeliwa na mgodi.

Kazi yangu sasa ni kuandikisha wachimbaji wadogo, creuseurs, wanaotafuta kadi ya ruhusa ya kuchimba. Mwaka jana, kwenye foleni ya vijana wa machimbo ya Mashamba, alisimama mzee mwenye kikohozi na mikono iliyochubuka. Nilimtambua, nikainuka nikamwita mwalimu. Akageuka kuwatazama vijana waliokuwa nyuma yake, kisha akainama karibu na meza yangu.

"Usiniite vile, mama. Hapa banajua mi niko creuseur tu."

Nilitaka kumwomba msamaha. Foleni ilikuwa ndefu, watu wakisikiliza. Nikaketi. Kwenye nafasi ya kazi nikaandika: mchimbaji. Akanishukuru, akachukua kadi yake, akaondoka.